Barua ya wazi: Litoe daftari hilo kaunta

Kwa Msimamizi wa Rejista ya Bunduki,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Salamu za heshima. Ukurasa wa daftari lako la kaunta sasa unazunguka WhatsApp: jina, nambari ya kitambulisho, simu, mtaa wa makazi na aina ya bastola, vyote kwenye mstari mmoja. Wezi wanakushukuru. Zamani iliwabidi wakisie nyumba yenye bunduki. Siku hizi wana hata nambari ya kupiga kuhakikisha mwenyewe hayupo.

Hatuombi rejista ifutwe. Bastola ikinaswa kwenye uhalifu, nambari iliyochongwa kwenye chuma ndiyo humwongoza mpelelezi hadi kwa mwenye cheti. Hiyo ni kazi ya rejista, si ya kaunta ambapo kila anayekuja kutia sahihi anasoma mistari ya waliomtangulia.

Desemba 2018 wenye silaha waliamriwa wapigwe msasa upya ndani ya siku 90. Walitii. Nawe uliahidi karatasi zitaondoka kaunta. Labda ahadi nayo inasubiri leseni.

Wala usituambie kompyuta pekee itatuponya. Mwaka 2022, idara ya sheria ya California ilizindua ukurasa wa takwimu za bunduki, ukaanika majina, anwani na tarehe za kuzaliwa za watu wapatao 192,000 walioomba vibali vya kubeba silaha. Data yenyewe iliachwa mahali pa kupakuliwa na yeyote.

Kaunta ibaki na nambari ya risiti na tarehe, basi. Makazi yakae kwenye faili tofauti na jina. Kila afisa aingie kwa nambari yake ya kazi, aandike sababu, na mfumo uhifadhi saa aliyofungua. Nywila moja ya ofisi nzima ndiyo sumu: siri ikivuja, kila mtu anasema si mimi. Na fotokopi zilizoharibika zikatwekatwe, zisiishie kufungia njugu.

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, na walioanikwa nao waelezwe kwa maandishi. Umeshaandika?

Hayo mengine yanaweza kungoja bajeti, tunajua wimbo huo. Daftari halihitaji bajeti. Litoe kaunta leo, Mheshimiwa, ulifungie kabatini. Leo.

Wako,
Mwenye cheti halali