Shukrani kwa dada wa mboga, Soko la Mbuyuni

Dada yangu unayeuza mboga pale Mbuyuni, Moshi, jina lako sikuuliza, lakini nakushukuru kwa moyo wote. Ulipokuwa unanipimia nyanya, binti yangu wa miaka minne alikuwa ananyooshea kidole kila kitu. Wengi wangemwambia atulie. Wewe ulimjibu: hii bamia, shika uone ina vinyweleo, hili bilinganya, linateleza, huu mnafu, mchungu kidogo. Kisha ukamuuliza yeye, ukamsubiri ajibu, na wateja wamejaa! Ukachukua kipande cha boksi ukaandika BA-MI-A, mkapiga makofi kwa kila silabi.

Kiswahili kinatusaidia sana hapo: irabu ni 5 tu, na silabi nyingi huishia na irabu, hivyo mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu anaanza kuunganisha mwenyewe. Lakini bila msamiati atatamka tu bila kuelewa anachosoma. Msamiati huo anaupata kwa kuongeleshwa, hata sokoni, hata kwenye daladala. Wazazi wenzangu, tuwaongeleshe.

Mungu aibariki biashara yako, dada, na wanao pia.