Mwanangu, Alhamisi hiyo usaini mwenyewe

Mwanangu,

Koswek, alama zako za muhula, ya fiziolojia 14 kati ya 40 nimeiona. Sapu, mtihani wa kurudia, haiui mtu. Kilichoninyima usingizi ni hilo ulilolitaja kwa kupitia tu, kwamba Alhamisi za maabara huingii, na mwenzako ndiye anayekusainia mahudhurio.

Mwili hausomwi kwa desa, majibu ya kukariri. Umekariri kwamba figo huchuja lita 180 kwa siku, vizuri. Ukiulizwa mbona mkojo hauzidi lita mbili, unanyamaza. Chora nefroni, kichujio kimoja kidogo cha figo, bila kutazama popote, ufuate maji: karibu theluthi mbili hurudi kwenye damu katika mrija wa kwanza uliojipinda, na ADH, homoni inayoyarudisha maji mwilini, hukutana nayo mwishoni kabisa, kwenye mirija ya kukusanyia. Usipoweza kuichora, bado hujaielewa. Vile vitabu vya maswali na majibu tangu sekondari, nani alikuwa akivinunua, tuyaache.

Na filamu ya damu, ile damu inayotandazwa kwenye kioo, nayo utasainiwa? Tone liwe dogo kama kichwa cha kiberiti. Kioo cha kusambazia kiiname nyuzi 30 hadi 45, usukume mara moja. Ukisita inatoka mistarimistari. Tone likizidi, damu inafika ukingoni na mkia, ile sehemu nyembamba ya mwisho, huupati, na huko karibu na mkia ndiko seli husomeka moja moja. Ikauke kabisa kabla ya methanoli, la sivyo unyevu unaacha vitobo ndani ya seli nyekundu na wewe utadhani ni ugonjwa. Kwenye hadubini anza na lenzi ya 4, halafu 10, halafu 40. Mafuta ya kudondoshea kioo ni ya lenzi ya 100 peke yake. Wengi huiburuza ya 40 ndani ya mafuta, kisha wanalalamika vifaa vya serikali vibovu.

Hapa mtaani wanakuita daktari. Shahada yako si ya udaktari, lakini sijamsahihisha mtu.

Boom, hela ya mkopo wa chuo, likiingia usikopeshe mtu. Nunua koti la maabara la pamba. La nailoni hunata mwilini likishika moto wa spiriti. Ukilikosa, nitumie vipimo, fundi wa hapa anashona kwa siku mbili. Mbuzi kazaa pacha. Mdogo wako amehamia kwenye godoro lako, nimemwachia. Bibi anauliza kama kweli mnapasua watu, mpigie umweleze mwenyewe, mimi haniamini.

Alhamisi hii unaingia?

Mama yako