Mutombo hakuwa kidole tu

Mhariri,

Kila anapotajwa Dikembe Mutombo, yule mchezaji wa mpira wa kikapu, watu hukumbuka kidole kile alichokitikisa baada ya kuzuia mtupo. Sawa, nami nilikipenda. Lakini mzaliwa huyu wa Kinshasa alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Kikapu kilimpitia njiani.

Alicheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, misimu 18, akawa Mchezaji Bora wa Ulinzi mara 4 na kuzuia mitupo 3,289. Kwa idadi hiyo ya mitupo, mchezaji mwenzake Hakeem Olajuwon pekee ndiye aliyemzidi. Mimi sisahau mwaka 1994: Denver Nuggets, timu yake wakati huo, walioingia mchujo wakiwa wa nane, waliwang'oa Seattle SuperSonics, vinara wa kanda yao. Filimbi ya mwisho ilimkuta Mutombo amelala sakafuni, mpira kaukumbatia, anacheka kama mtoto.

Udaktari hakuupata, ila mwaka 2007 alifungua hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alifariki Septemba 30, 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58. Mkimwandika tena, anzeni na hospitali. Kidole kitajileta chenyewe.

Mpenzi wa kikapu