Mafuta kwenye chakula cha kuku: mmesahau chokaa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya kuwalisha kuku wa mayai mafuta ya wanyama imenifanya nishike kalamu. Mwandishi amesema kweli kuhusu nguvu iliyomo kwenye mafuta, ila ameacha jambo lililonitia hasara msimu mzima: ukimwongezea kuku mafuta, anapunguza kula.

Nafuga kuku 200 wa kutaga, na chakula nachanganya mwenyewe kwa koleo. Mwaka jana, joto lilipokaribia, nilisikia kwamba mafuta yakisagwa tumboni hayamtii kuku joto jingi kama nafaka. Hilo ni kweli. Nikanunua ndoo ya shahamu ya ng'ombe, nikaiyeyusha, nikamwagia kilo 5 kwenye kila kilo 100 za chakula. Kingine chochote sikugusa.

Mwanzoni nilifurahi. Vumbi lilikwisha bandani, na kuku waliokuwa wakimaliza kilo 23 kwa siku wakashuka hadi 21 na nusu. Nikaanza kuhesabu akiba. Wiki ya tatu nikaokota yai, kidole gumba kikazama ndani. Ganda lilikuwa jepesi mno, na kwenye trei ile ile nikakuta mengine sita yana nyufa. Nikadhani kuku wamezeeka, ilhali walikuwa na wiki 40 tu.

Mtaalamu wa mifugo niliyemwendea hakuuliza habari za ugonjwa. Aliomba daftari langu la chakula, akapiga hesabu mbele yangu. Kuku hula mpaka atosheke nguvu, na kilo moja ya shahamu humpa zaidi ya mara mbili ya nguvu anayoipata kwenye kilo ya mahindi. Akishatosheka anaondoka, na chokaa (unga wa mawe ya chokaa, unaompa kalsiamu ya kujengea ganda), protini na vitamini alizozihitaji zinabaki kwenye kihori. Kuku wangu walikuwa wakila gramu 115 kila mmoja, zenye kalsiamu kama gramu 4.4. Baada ya mafuta yangu wakawa hawafikishi hata 4. Ganda la yai moja hubeba karibu gramu 2, na sehemu kubwa ya kalsiamu anayomeza kuku hupita bila kufyonzwa. Isitoshe, mafuta magumu kama ya ng'ombe hushikana na kalsiamu tumboni yakawa mfano wa sabuni, vyote viwili vikaishia kwenye kinyesi.

Sikuacha mafuta. Sasa naweka kilo 2 kwa kila 100, napunguza mahindi, naongeza soya na chokaa. Chokaa nyingine naiweka ya punje kubwa jioni, maana ganda hujengwa zaidi usiku. Shahamu naichanganya na mafuta ya alizeti, kwa sababu ya ng'ombe peke yake ina asidi ya linoleiki (sehemu ya mafuta ambayo kuku lazima aipate kwenye chakula) kidogo mno, na bila hiyo mayai huwa madogo. Tena yakichanganywa hivyo, hata yale magumu kuku huyafyonza vizuri zaidi.

Jambo la pili ni asili ya mafuta yenyewe. Mwaka 1999 nchini Ubelgiji mafuta ya kutengenezea chakula cha mifugo yaliingiliwa na mafuta ya viwandani yenye sumu ya dioksini. Kuku wakapunguza kutaga, mayai yakakataa kuanguliwa, na kuku na mayai vikaondolewa madukani. Mimi sinunui ndoo ambayo muuzaji hawezi kunieleza ilikotoka, wala iliyochacha. Naweka tone ulimini. Likiwasha kooni, ndoo inarudi.

Mhariri, naomba mkiichapa tena makala hiyo, chini ya kipimo cha mafuta muandike na kipimo cha chokaa na protini kinachokwenda nacho. Kuna mfugaji ambaye ameshaikata na kuibandika ukutani pa ghala lake, na kesho asubuhi atashika koleo.

Mfugaji wa kuku wa mayai