Kabla hujamimina mafuta ya chipsi kwenye tangi la dizeli

Mwezi wa saba, baridi la Arusha likiwa limekolea, mteja wetu mmoja alifika gereji gari lake likivutwa kwa kamba. Lilikuwa limegoma kuwaka tangu alfajiri. Tulipofungua filta ya dizeli tukakuta mafuta yameganda, meupe, kama samli. Rafiki yake alimwambia amimine mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, eti injini ya dizeli inakula mafuta yoyote.

Rafiki hakukosea kabisa. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Shida ni uzito, yaani yanavyotiririka kwa shida, siyo kilo. Mafuta ya mimea ni mazito kuliko dizeli mara kumi au zaidi, na mawese huanza kuganda hata kwa ubaridi wa asubuhi tu. Umeshayaona jikoni kwako. Nozeli inatakiwa ipulize mafuta kama ukungu. Yakiwa mazito yanatoka matone, hayaungui yote, na masalia yanagandia kwenye ringi za pistoni.

Ndiyo maana lazima yageuzwe kuwa biodizeli: yachujwe, yatolewe maji, kisha yachanganywe na methanoli, aina ya spiriti, na kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Glisirini inazama, biodizeli inabaki juu. Wengi mnatuuliza kama mnaweza kuipika nyumbani. Tunawasihi, msijaribu. Methanoli inapofusha, inaua, na inashika moto upesi mno.

Na mbono kaburi, ule wa kuzungushia uzio? Mafuta unayo, lakini lita moja inataka kilo nne au tano za mbegu, na matunda hayaivi kwa pamoja, hivyo ni kuchuma kwa mkono kila siku. Kwa gari la familia hesabu haikubali.

Kama umepata biodizeli mahali, ipime. Jaza chupa nusu biodizeli nusu maji, tikisa kwa nguvu, iache nusu saa. Vikitengana vizuri, ni dalili njema. Vikibaki vyeupe kama maziwa, usiitie. Anza na lita moja kwa lita nne za dizeli, na uwe na filta ya akiba, kwa sababu biodizeli hung'oa uchafu wa miaka yote ulioko kwenye tangi. Gari la zamani tulikague kwanza mipira ya njia ya mafuta, isije ikalainika na kuvuja.

Ukituletea nusu lita kwenye chupa safi, tunaipima mbele yako, bure, kabla tone halijaingia kwenye tangi.