Barua kutoka Shizuoka

Shizuoka, Japani

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Umeuliza kama chai ya kijani inatibu kila kitu, kama wanavyodai wauzaji huko Tanga. Haitibu kila kitu shoga yangu, ila faida zake ni za kweli.

Mmea ni ule ule wa Usambara. Huku majani hupigwa mvuke mara tu baada ya kuchumwa, yasigeuke kuwa meusi, ndiyo maana hubaki na katekini nyingi, zile kemikali zenye ukakasi, pamoja na vitamini C. Katekini hizo alizitenga Michiyo Tsujimura mwaka 1929. Mwanamke huyu alianza kazi ya maabara bila mshahara, na mwaka 1932 akawa wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Japani kupata udaktari wa kilimo. Namheshimu mno.

Kuna utafiti wa Ohsaki, eneo la huku Japani, uliochapishwa 2006, uliofuatilia watu wazima 40,530. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa wachache zaidi kwa maradhi ya moyo na kiharusi kuliko waliokunywa chini ya kimoja. Kwa saratani, tofauti haikuonekana. Hapo ndipo wauzaji wanapotia chumvi.

Sasa lako wewe, kwa kuwa damu yako ni pungufu. Usiinywe pamoja na chakula! Inazuia mwili kufyonza madini ya chuma ya mchicha na maharage. Ngoja kama saa moja baada ya kula, na vidonge vya damu vimeze kwa maji matupu. Vile vidonge vya dondoo ya chai achana navyo kabisa. Kipimo kikubwa kinaweza kudhuru ini.

Usiichemshe wala usitie maziwa. Maji yakichemka, yamimine kwanza vikombeni yapoe kidogo, nyuzi 70 hadi 80 hivi, ndipo uyatie kwenye birika lenye majani. Subiri dakika moja. Gawa kidogo kidogo kwa zamu, kikombe hiki kisha kile, mpaka tone la mwisho. Itakuwa na rangi ya kijani yenye ukungu, na harufu itakukumbusha mwani. Ikiwa chungu sana, maji yalikuwa ya moto mno.

Nimempa kaka yako pakiti mbili: sencha, ndiyo hiyo ya kijani ya mvuke, ya asubuhi, na hojicha, ya majani yaliyokaangwa, ambayo kafeini yake ni kidogo, ya Mama jioni. Hiyo ya pili maji ya moto kabisa hayaiharibu.

Ukipata majibu ya kipimo cha damu niandikie siku hiyo hiyo, usinifiche.

Wako akupendaye,
Mwanaidi