Mbona VisiCalc haitajwi?

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kadogo tu. Kila nikisoma makala za historia ya kompyuta magazetini ni Steve Jobs na Bill Gates, Bill Gates na Steve Jobs, wakaanza gerejini, basi imeisha hiyo. Sasa mi ni mtu wa mahesabu na nauliza, kompyuta ya Apple II ilitoka 1977 na bei yake haikuwa ya kitoto, mfanyabiashara wa kawaida angeinunulia nini? Magemu?

Jibu ni VisiCalc, programu ya jedwali la mahesabu kama Excel ya leo. Dan Bricklin alikuwa anasomea biashara Harvard, akawa anawaza zile jedwali za ubaoni, ukibadilisha namba moja tu inabidi ufute zote zinazoitegemea uanze kupiga upya. Aliyewahi kushika daftari la kikoba anayajua haya mateso, kosa la mtu mmoja la mwezi wa pili linakuharibia jumla zote mpaka Desemba na wanachama wanakuangalia kama mwizi. Bricklin akataka jedwali linalojipigia hesabu lenyewe, rafiki yake Bob Frankston ndo akakaa kuiandika hiyo programu, tena usiku usiku kwa sababu walikuwa wanakodi muda kwenye kompyuta kubwa na usiku bei ilikuwa chini.

1979 ikaingia sokoni, mwanzoni kwa Apple II tu, kama dola 100 hivi. Watu wakawa wanaingia dukani wanaitaka VisiCalc kwanza, halafu ndo wanauliza inatumia mashine gani, yani mtu ananunua mashine ya dola elfu mbili na ushee kwa ajili ya programu ya dola mia! Hata IBM walipotoa PC yao Agosti 1981 walihakikisha VisiCalc ipo.

Kinachoniuma ni kwamba hawakuikatia hataza (ile haki ya kuzuia wengine wasiige ubunifu wako), wanasheria waliona kwa programu ni ngumu kupata. 1983 ikaja programu nyingine ya jedwali, Lotus 1-2-3 ya Mitch Kapor ambaye aliwahi kufanya kazi na hao hao waliokuwa wanaiuza VisiCalc, ikawafagia, na 1985 Lotus wakainunua kabisa kampuni ya kina Bricklin. Mwaka huo huo ndo ikatoka hiyo Excel tunayoisifia.

Kwahiyo mhariri, mkiandika tena wekeni na picha ya hao wawili. Na Ed Roberts wa Altair 8800, moja ya kompyuta binafsi za mwanzo mwanzo, msimsahau, jamaa aliuza kampuni 1977 akaenda kusomea udaktari, akaishia kutibu watu kwenye kamji kadogo huko Georgia, stori tamu kuliko ya gereji.

Msomaji wenu,
Morogoro